Sikio la Kushoto

Mkono wa zamani si mbovu. Anakiri mwenyewe,
Vlastimil, huku akiupangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea.
Umetuchezea santuri miaka thelathini na miwili,
tumehama nao mara mbili, ghorofa ya nne, bila lifti,
na kichwani una sarafu ya heleri hamsini
aliyoibandika kwa utepe
mwaka ule sindano ilipoanza kurukaruka.
Si mbovu, anasema. Ila.

Nami nikisikia "ila" ya mwanamume huyu
najua kuna bei nyuma yake.

Koruna elfu kumi na tisa.
Kijibomba cha alumini chembamba kama kalamu,
na beringi laini mno: ukiguna karibu yake, kinasogea.
Elfu kumi na tisa ni boila, ukiongeza kidogo.
Ni jino langu la juu, na jirani yake.
Mume wangu, mkono wa birika tangu wiki ya harusi,
anayekata sabuni vipande viwili ili idumu,
sasa anautaka mkono.

Hruška wa dukani ametuazima hadi Jumatatu.
"Sikilizeni tu," alisema,
kama mtu anayemwachia mtoto paka
alale hapa usiku mmoja.

Hakuna aliyelitaja la sikio.
La kushoto lilifia kiwandani, hapa hapa Ostrava,
miaka ishirini na sita kando ya chuma chekundu,
vizibo vikiwa mfukoni kwa sababu vinawasha.
Kwenye karatasi ya daktari ni mstari
unaotembea vizuri, kisha unatumbukia.

Ndiyo maana mimi hukaa kushotoni kwake.
Mezani, kwenye tramu, kitandani.
"Drahomíra, huko kuna nini?"
Kuna fidla ya pili, namwambia. Kuna mtu anageuza karatasi.
Kuna jirani anagonga ukuta, punguza.

Ijumaa nzima aliufunga, miwani juu ya miwani.
Gramu moja na robo tatu, ndio uzito wa sindano,
akaupima kwa kijimizani cha ukubwa wa kiberiti
kando ya mizani yangu ya unga wa maandazi ya mvuke.
Tukapima, kila mtu na chake,
hakuna aliyemwambia mwenzake jumla.

Jumamosi. Kwanza mkono wa zamani, halafu huu.
Santuri ile ile, fidla mbili, viola na cheloo,
iliyorekodiwa kanisani, kasha linasema, Januari.
Sindano ilitua, sikusikia ikitua.
Pale palipokuwa na kitunguu kinachokaangwa
palikuwa na chumba. Kikubwa, chenye baridi.
Na ndani yake, kushoto, kabla ya noti ya kwanza,
mtu akavuta pumzi.

Miaka thelathini na miwili
pumzi ile imo katika kabati letu,
baina ya santuri za Krismasi na bili za gesi.

"Ipo tofauti?" akauliza.
Hakunitazama machoni. Alitazama mdomo,
kama anavyofanya siku hizi.

Nikisema haipo, ataniamini. Hapo ndipo penye tabu.
Ataurudisha kwenye sanduku lake, na sponji yake,
na kufikia Novemba tutakuwa na maji ya moto,
wala hatalizungumza tena, hata akilewa.

"Rudia," nikasema.

Alidhani sikusikia kitu. Akashusha mabega.
Akauinua mkono kwa vidole viwili,
kama anayetoa kope jichoni mwa mtoto,
akaurudisha mwanzo. Na kabla haujashuka
akaburuta kiti chake, akapita mbele yangu,
akalaza sikio lake zima
kwenye kitambaa cha spika ya kushoto.

Nami nikaizuia pumzi yangu,
isije ikachanganyika na ile.