Kizibo Kimoja

Trei arobaini na mbili ndani ya kitalu,
nailoni imepauka kwa vumbi la Ipuli,
na miche ya nyanya imeanza kunyoosha shingo
kama watoto wa mstari wa nyuma kwenye picha ya darasa.
Mteja wa Urambo alisema Ijumaa. Ijumaa imepita.
Gari limevunja gia pale Usoke, anasema kwa simu,
lakini mche haujui habari za gia.
Unajua mwanga ni haba, na jirani anasukuma.

Mihayo wa duka la pembejeo ameniuzia kichupa
kisichojaza hata kiganja.
“Kizibo kimoja kwa bomba zima, mama Kalunde. Kimoja.
Haiui kitu hii. Inaliambia tu shina: ngoja.”
Nikalipenda hilo neno, ngoja,
mpaka nilipoisoma lebo kwa miwani ya mume wangu.
Hudumaza.

Neno hilo nalijua. Linakaa kwangu.
Liko kwenye kadi ya mwanangu kwa kalamu nyekundu.
Muuguzi alikaza utepe ukutani, akasoma,
akarudia kusoma,
akaniuliza nyumbani tunakula nini.
Ugali, nikasema. Na nyanya. Nyanya tunazo.
Akaandika.
Hakuuliza ni nani aliyemwambia Kalunde angoje.

Mwaka jana nilizidisha: vizibo vitatu, kwa woga.
Miche ikatoka mifupi, minene, kijani cha chupa,
kila aliyepita akaisifu.
Ilipofika shambani ikakaa wiki nne
kama mgeni aliyegoma kuvua viatu.
Nilirudisha nusu ya pesa. Nusu bado nadaiwa.

Leo nimepima kimoja, nikakifuta ukingo kwa kidole cha glavu.
Nimenyunyiza trei ishirini
kabla jua halijapanda juu ya nailoni.
Zilizobaki nazipitishia kanga kuukuu vichwani,
huku na huku, mara kumi, asubuhi na jioni,
kwa kuwa ule mstari wa njiani,
unaokwaruzwa na gauni langu kila nikipita,
nimeuona umebaki mfupi wenyewe, shina kama penseli,
na hakuna aliyeuuzia kitu.
Sijui kama ni kweli. Nitajua wiki ijayo.

Kalunde ameshika pembe ya pili ya kanga.
Anahesabu kwa sauti, anaruka saba, anarudi.
Anapenda ile harufu inayobaki mikononi,
chungu, ya kijani, isiyotoka kwa sabuni.
Tumefika meza ya katikati. Amesimama kwa ncha za vidole,
amenyoosha mkono wote, haufiki.
“Mama, ngoja,” anasema.

Pale mlangoni kuna tofali linalozuia upepo.
Nimeuacha mlango upige.
Nimemletea.