Boksi la Nyuma

Kadi ya picha imefika jana kutoka Dar,
imeviringishwa magazeti na kipande cha godoro.
Ya mkono wa pili, lakini feni zake mbili
zinazunguka ukizipuliza kwa mdomo.
Nimeiweka mezani, hapa Barabara ya Tisa, Ngamiani,
kando ya stepla, gundi, na picha za pasipoti
za watu ambao hawakurudi kuzichukua.

Swali si kadi.
Swali ni lile boksi la kijivu nyuma ya mashine,
saplai, inayopokea umeme na kuugawa
kama mama anayepakulia watu kumi
kutoka sufuria ya watu sita.
Ina miaka kumi na mitatu.
Niliikuta humo, kama mtu anavyomkuta
mama mkwe nyumbani:
hukuchagua, hukuulizwa,
ukaizoea sauti yake.

Haijanizimikia hata siku moja.
Nimehariri nayo harusi za Chuda, za Makorora, mpaka Pongwe,
nimewafupishia wajomba hotuba,
nimemfuta shemeji aliyelewa kwenye kona ya picha,
nayo inanguruma tu, ngurumo ya paka aliyeshiba.

Ya kale ni dhahabu, inasema methali moja.
Kipya kinyemi, inajibu nyingine, ingawa kidonda.
Mashahidi wa kulipwa hawa,
wote wawili wamekula pilau kwangu.

Fundi Hoza akaja na baiskeli, bisibisi sikioni.
Akasoma kibandiko: wati mia tatu na hamsini.
"Hizo ni za ujana wake," akasema.
"Kadi peke yake inataka mia na hamsini,
na waya wa kuilisha sioni."
Nikamwonyesha kiunganishi nilichopewa na muuzaji, bure.
Akacheka kwa pua.
"Zalika, huo ni mkopo.
Waya mwembamba hukopa moto."

Basi nikaenda kutafuta mpya.
Nikaikuta moja, nyekundu, elfu thelathini na tano,
ubavuni imeandikwa wati mia saba kwa herufi za dhahabu.
Nikainyanyua. Nyepesi, kama kasha la chaki lililokwisha.
Hoza akatikisa kichwa:
"Namba huandikwa na anayeuza.
Uzito huandikwa na shaba."

Ile nzito, ya kweli, ni laki moja na arobaini.
Kodi ya fremu ni laki moja na hamsini.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti,
nikaigeuza risiti, nikapiga tena,
elfu kumi ikabaki kuwa elfu kumi.

Usiku, mlango nusu, nikawasha tochi ya simu
nikachungulia kwenye matundu ya ile ya zamani.
Vumbi kama pamba. Kutu,
maana mji huu hutia chumvi hata visivyoliwa.
Na katikati, kapasita moja
imevimba kichwa kama andazi ndani ya mafuta.

Nikaona aibu.
Miaka yote nimeisifu kwamba haiugui,
kumbe haiombi ruhusa.

Nikachomoa waya ukutani. Nikaweka kiganja juu yake.
Bado ilikuwa ya moto,
ule moto wa paji la mtoto
unaokufanya uangalie saa.

Asubuhi nimeirudisha kadi kwenye godoro lake.
Mwisho wa mwezi nitanunua ile nzito;
mwenye fremu nitamkabili kwa mdomo wangu mwenyewe.
Hoza ameiomba ya zamani, avue shaba.
Nimemwambia asubiri kidogo. Sijui kidogo hicho ni cha nini.

Mama wa bi harusi wa Chumbageni amepiga mara tatu.
Video iko wapi?
Nimeanza kumweleza habari za wati, za shaba, za andazi,
nikasikia pumzi yake ikipanda,
nikafupisha:
"Umeme, mama."
Ameguna, ameilaumu Tanesco mpaka salio likakata,
nami sikumsahihisha.