Nani Hana Sufuri?

Mstari wa mia mbili na saba niliuandika mimi,
Kutaisi, usiku wa theluji, hita ikikohoa,
Gocha akinihimiza: kesho tunazindua.
Idadi ya wapokeaji, mara kiasi cha kila mmoja.
Kuzidisha tu. Hesabu ya darasa la tatu.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba cha mashine kikishajaa pomoni,
ukiongeza punje moja
hakimwagiki.
Kinakuwa kitupu, wala hakisemi.

Akaja mtu asiye na jina, ana anwani tu.
Akaomba kuwatumia wawili,
kila mmoja nusu kibaba na ushei.
Punje moja kupita ujazo:
jumla ikaviringika, ikawa sufuri.
Mkataba, mtiifu kama nilivyoufunza, ukauliza:
huyu anayo sufuri?
Anayo.
Ukafungua ghala.

Kulipokucha bei ilishakufa.
Shangazi Eteri, aliyeuza mizinga kumi na minne ya nyuki
ili aniunge mkono,
alinipigia kuuliza kama mtandao umekatika,
maana simu yake inamwonyesha mambo ya ajabu.
Nikamwambia asubiri kidogo.

Dawa ilikuwa maneno machache:
ukishazidisha, gawanya tena,
uone kama unarudi ulikotoka.
Nimeyaandika sasa, kwa kalamu,
nyuma ya risiti ya asali.
Sijui nimpelekee nani.
Mkataba uko hewani, na haufutiki.