Kuoza

Rimgaudas alipima mara tatu, akakata mara moja:
mita kwa mita kwa mita,
penseli sikioni, miwani ncha ya pua,
mbao za makreti yaliyowahi kubeba vipuri
hadi stesheni ya Palemonas,
alikokaa miaka thelathini na mmoja akiandika dakika.
Misumari aliinyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja.
Mpya ni ubadhirifu, alisema,
na uliopinda umeshajifunza kazi.

Kati ya ubao na ubao aliacha upana wa kidole, hewa ipite.
Mlango wa mbele ukapanda na kushuka
kama dirisha la kibanda cha tiketi.
Juu yake, kwa chaki:
KUONDOKA, NNE MEI. KUWASILI, NNE AGOSTI.

Mimi nilileta ndoo.
Maganda ya viazi, mikia ya bitiruti, mashapo ya kahawa,
maganda ya mayai niliyoyaponda kwa kisigino,
kabichi iliyotushinda tangu Pasaka,
na nyasi mbichi za Vaidas, jirani wa ng'ambo ya ua,
toroli nne.
"Mimina," akasema. Nikamimina.

Juni ikaja na mvua zake.
Sanduku likanuka kama jibini iliyosahauliwa ndani ya buti.
Nzi wakatutembelea kwa koo zao.
Vaidas alifunga dirisha kwa adabu,
wiki ya pili bila adabu.
Na mume wangu akasimama mbele ya kazi ya mikono yake
kama mbele ya treni iliyochelewa
na hakuna aliyepiga simu.

Bibi yangu hakuwa na rula.
Alikuwa na lundo nyuma ya banda la kuku, na usemi:
kibichi hakikai peke yake,
kitafutie kikavu, ukioze.

Neno ni moja, nikawaza.
Padre Liudvikas alituoza mwezi wa Februari,
mimi mbichi, kicheko na machozi chungu kimoja,
yeye mkavu kama jani la mwaloni la mwaka juzi,
na hakuna mgeni hata mmoja
aliyetuambia kwamba baada ya kuozwa
kuna kuoza,
tabaka juu ya tabaka, kwa joto, kwa miaka,
hadi hujui tena ganda lipi lilitoka ndoo ya nani.

Tukapindua mzigo wote kwa uma wa bustani.
Magunia mawili ya majani makavu.
Trei za mayai. Unga wa msumeno wake mwenyewe.
Kisha akapanda darini, akashuka na ratiba,
zile ratiba nisizothubutu kuzipangusa vumbi.
Alizichana yeye.
Vilnius, saa kumi na mbili na dakika saba. Kybartai, usiku.
Ndani. Zote.
Sikuuliza.

Siku ya tatu alinishika mkono, akauzamisha hadi kiwiko.
Moto! Ubavu wa ng'ombe aliyelala.
Na alfajiri mvuke ulipopenya kati ya mbao,
mzee wangu, aliyeanza kazi enzi za makaa ya mawe,
alivua kofia.

Nne Agosti ilipita, hakuitazama chaki.

Oktoba akainua mlango, akaushusha upesi
kama aliyeingia chumba cha watu.
Kalunguyeye.
Amejikunja ndani ya majani, mpira wa miiba,
anavuta pumzi moja, halafu anafikiri.
"Amewasili," Rimgaudas akanong'ona.

Basi ni Aprili.
Vitunguu saumu vyetu vitakula udongo mtupu mwaka huu.

Usiku wa theluji ya kwanza niliamka, upande wake hayupo.
Nikamwona kwa dirishani, buti na pajama,
akilitandika gunia juu ya kifuniko, kona kwa kona.
Alirudi na nyayo za barafu
akazibandika mapajani pangu.
Nilimtukana kwa sauti.
Kisha, taratibu, huko chini ya blanketi,
joto likaanza.