Futi Kumi

Wiki ya mwisho ya Juni, na Duluth bado imevaa koti.
Ukungu umepanda kutoka ziwani, umekalia kilima,
meli ya chuma inapiga honi, daraja linanyanyuka,
nami ghorofa ya tatu, juu ya uwanja mtupu,
napima vichwa vya watu warefu
chini ya dari ambayo haijajengwa.

Ligi itatangaza kikomo cha mishahara Ijumaa.
Au Jumatatu. Watu wa televisheni hawajatia sahihi.
Wakala mmoja ananong'ona kitapanda kwa asilimia kumi;
mwingine, aliyekula mchana na mtu anayemjua mtu,
asema kitashuka, tufunge mikanda.
Mali bila daftari, walisema, huisha bila habari.
Daftari ninalo.
Mali ndiyo haijaleta habari.

Majina mawili mezani.

Curtis Ledbetter, miaka thelathini na sita,
goti la kushoto lina hali ya hewa yake lenyewe:
halipendi ndege, halipendi mechi za siku mbili mfululizo.
Haruki tena. Ila mpira ukigonga chuma
yeye tayari yuko pale utakapoangukia,
kama mtu aliyekumbuka, si aliyeona.
Milioni kumi na moja. Anataka miaka miwili.

Marcellus Tate, thelathini na nne, kona ya kulia,
soksi kazivuta hadi magotini,
hutupa pointi tatu kama anayerudisha kitabu rafuni.
Ulinzi wake? Tuseme anaheshimu wageni,
huwafungulia mlango.
Milioni nane, mwaka mmoja.

Kikipanda, wote wawili.
Kikibaki palepale, mmoja.
Kikishuka, hakuna, na kijana Pelkey,
mabega bado membamba kama henga ya shati,
atacheza dakika thelathini
na kufunzwa na viwiko vya watu.

Irene Kokkonen, bosi wangu, anaingia na kahawa ya pili.
Hakai. "Nipe namba."
Nampa namba tatu.
"Nimeomba moja."
Namwambia utu uzima dawa.
Anasema dawa ina bei, tena ina tarehe ya kuisha nguvu,
imeandikwa nyuma ya chupa kwa herufi za sisimizi. Soma.
Kisha anasimama dirishani, kahawa inapoa,
anaitazama ile meli mpaka imepita yote.

Sikumwambia la mwezi Machi.
Tulifungwa kwa pointi ishirini na mbili, basi linangoja nje,
nikarudi kuchukua chaja
nikamkuta Ledbetter amepiga magoti, barafu imefungwa gotini,
anashika kiatu cha Pelkey kwa mikono miwili,
anakigeuza kidogo, kidogo tena:
"Hapa. Mguu ukitangulia, mwili hauna hoja."
Hilo niliweke safu gani?
Nilijaribu. Safu ilikataa, inataka tarakimu.

Saa kumi na mbili nazima kompyuta, nashuka.
Mafundi wameshang'oa nusu ya sakafu,
kesho kuna maonyesho ya trekta.
Nusu iliyobaki ina ringi moja, na chini ya ringi
mtu mrefu amevaa kaptura, mkataba wake unaisha Jumapili.

"Dari imefika wapi?" Curtis aniuliza.
"Hatujui."
"Sawa," asema, akinyoosha kidole juu. "Hii bado futi kumi."

Ananirushia mpira. Mimi, na viatu vyangu vya ofisini,
na tai, na kiuno cha mtu wa hesabu.
Natupa. Mpira unapiga ukingo wa nyuma, unaruka kushoto, mbali,
kule ambako hata mimi niliyeutupa sikutarajia.

Ledbetter hakukimbia.
Alikuwa amesimama huko.