Chanzo

Bi Rukia alitaka mchoro, si insha:
visima vya Langoni kwenye tableti moja.
Buluu nikaipa maji matamu,
nyekundu chumvi;
ukigusa, ndoo ndogo inadondosha tone.
Darasa likapiga makofi.

Nikamwonyesha Famau, mchukuzi wa maji.
Punda wake alinusa kioo kwanza.
Famau akafuta kidole kikoini,
akagonga buluu ya nyuma ya msikiti:
"Hiki kina munyu sasa."
Akagonga nyingine: "Hiki kimefukiwa, pana duka la simu."
Akatafuta, akatafuta.
"Na cha kwenu, mbona hukukitia?"

Usiku nikapaka nyekundu saba.
Mchoro hauna uzuri tena.
Chini, penye chanzo cha takwimu, nimeandika:
Famau Shee, punda wawili,
miaka thelathini na mmoja.