Nakala ya Kweli

Bwana Lelei aliingia saa nne na robo,
mkoba kwapani, mwanawe nyuma,
akataka kurasa thelathini na sita, za rangi.
Nikamwambia ya rangi ni shilingi ishirini.
Akasema, "Wewe chapa tu."

Mashine ikaanza kuhema.
Kwanza ikatema nyasi,
kijani kisichojua kiangazi cha Njoro,
halafu jengo la mawe lenye mnara,
halafu wavulana watatu wakicheka
kitu ambacho mpiga picha hakukipiga.
Ukurasa wa tisa, farasi.
Ukurasa wa kumi na moja, karo:
kwa pauni, kwa muhula, na kinyota pembeni
kinachokushusha hadi kwenye herufi za sisimizi:
sare mbali, piano mbali,
farasi mbali.

Wakazitandaza shule mbili juu ya meza yangu,
juu ya risiti za jana.
Moja iko ufuoni, nyingine katikati ya mashamba.
Baba anatafuta ipi ina majina makubwa ukutani.
Ezra anatafuta ipi ina mvua kidogo.
Shangazi mtu yuko kwenye spika ya simu,
ametoka zamu ya usiku hospitalini huko Leeds,
sauti imejaa usingizi:
"Acheni mnara. Ulizeni mwalimu wa fizikia
hukaa miaka mingapi kabla hajahama.
Ulizeni Jumapili, wenzake wakichukuliwa na wazazi,
mtoto wa mbali anakula na nani."

Akaeleza mitihani. Akifika miaka kumi na sita
atafanya masomo tisa, labda kumi.
Kisha atayaacha yote, abaki na matatu.
Matatu, miaka miwili, basi,
na chuo kikuu kitamsoma kwa hayo.

Kidole changu kikasahau kitufe.
Matatu!
Sisi tulibeba manane hadi mlangoni,
Kemia ikiteleza juu ya Historia,
nikiidaka Biolojia kwa goti,
na usiku wa kuamkia Hesabu karatasi ya pili
taa ya bweni ilizimika, tukasoma chooni
kwa tochi ya Muhonja wa Vihiga.
Nilipata B kavu.
Nasema nilipata; sijaishika.
Cheti changu kiko Subukia, ndani ya kabati la chuma,
kwa ajili ya salio la karo.
Nilikiona mara moja. Karani alikiinua,
akanisomea jina langu kama anayeita mgonjwa,
akakirudisha.

Hapa nachapa vyeti vya watu kutwa.
Navinyoosha, navifunika plastiki ya moto,
navipeleka ng'ambo ya korido kwa wakili
avipige muhuri: nakala ya kweli ya halisi.
Nimenukia wino wa kufaulu kwa wengine
hadi nikienda nyumbani Langalanga
watoto huniuliza kama nimepaka mafuta mapya.

Baba akatoka kwenda kwa wakili.
Ezra akabaki, anakunja kona ya farasi,
anaikunjua, anaikunja.
"Dada, ungekuwa wewe, ungechagua ipi?"

Ningemwambia ya mashamba, kwa sababu ya shangazi,
au ya ufuoni, kwa sababu ya maktaba
yenye dirisha refu kuliko duka letu.
Nikasema, "Ile itakayokupa karatasi zako
siku unapotoka."
Akacheka. Alidhani ni mzaha.
Kisha akanitazama, akaacha kucheka,
akaiweka ile karatasi chini polepole
kama kitu cha mwenyewe.

Walilipa mia saba na ishirini, bila kuomba punguzo.
Jioni nikakuta farasi mmoja amekwama rolani,
nusu yake nyeusi, nusu yake mistari.
Karatasi nzuri, nzito, haitupwi.
Nikaigeuza upande mweupe, nikaandika:
leo, mia saba na ishirini;
kodi, Ijumaa;
Subukia, bado elfu sita na mia nne.